Siku jumuiya ilipoingia kwenye Zoom ya wanafunzi wangu

Mimi nafundisha takwimu, TA, yaani mwalimu msaidizi, chuo kimoja hapa Dar, na kama umepita chuo unajua takwimu ndo ile kozi watu wanaanza kuhesabu sapu, mitihani ya marudio, kabla hata test one haijafanyika. Hii ilikuwa mwishoni mwa 2023, mgao wa umeme umepamba moto, ofisini tumebanana maTA chumba kimoja feni moja, mwanafunzi akija na swali anaulizia mlangoni. Mkuu wa idara akaona isiwe shida, akatoa agizo konsaltesheni zote zihamie onlaini jioni kila wiki, zirekodiwe, rekodi atumiwe yeye, na sisi tuwahamasishe wanafunzi wahudhurie.

Kuhamasisha. We mhamasishe mtoto wa chuo aje kuongea na mwalimu bure bila maksi yoyote uone.

Nilihamasisha bana. Link nikaitupia kwenye group, CR, kiongozi wa darasa, nikamtuma, kwenye lekcha nikatangaza, nikaandika mpaka "msiogope, hakuna swali la kijinga", wakanigongea dole karibu group zima. Saa tatu usiku ikifika naingia Zoom, niko mimi na sura yangu. Na sababu nazijua, nilikuwa mwanafunzi juzi tu hapa. Bando la mwanafunzi lina kazi zake na uso wa TA haumo kwenye bajeti. Halafu kubwa kuliko yote hakuna anayetaka aonekane kilaza, maana darasani mko mia tatu unajificha nyuma ya mtu, huku onlaini jina lako limeandikwa kabisa kwenye kiboksi chako.

Sasa rekodi inatakiwa, nitafanyaje, nikawa nafundisha hivyo hivyo. Umeme hamna (bwawa la Nyerere lilikuja kuwasha mtambo wa kwanza Februari 2024, megawati 235, sisi huku tulishazoea giza), nimekaa sebuleni na earphone masikioni, mwanga wa laptop usoni, naita watu. "Karibuni. Kuna mtu? Mnanisikia? Msiogope, njooni hata kama mko wengi." Nauliza swali, nasubiri, najijibu mwenyewe, najipongeza vizuri sana. Zoom ya bure inakata dakika 40 na ikikata nashukuru Mungu.

Nilichosahau ni kwamba chumbani yupo mama.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tabora kwa ajili ya kliniki ya macho, nimempisha kitanda mimi nalala kwenye kochi. Na mama zetu hawa hawakuulizi kitu moja kwa moja. Asubuhi, "baba, usingizi unapata?" Napata mama. "Kazini hamna mtu mmekosana?" Hamna mama. Ananiangaliaaa, ananiongezea uji. Baadaye sana ndo nikaja kujua alishapiga simu kwa mama mdogo, akamwambia mtoto anaongea na watu usiku, siwaoni, anawakaribisha, anawaambia wasiogope.

Wiki hiyo sasa test one ikatoka na ilikuwa msiba. Kwetu koswek, maksi za kazi za muhula, ni 40, UE, mtihani wa mwisho, ni 60, ukienda UE na koswek ya saba unajua mwenyewe safari ya disko, kufukuzwa chuo, imeshaanza. Saa tatu kasoro nafungua Zoom, nakuta watu! Wanamiminika, hamsini na kitu, kamera zimezimwa, maiki zimezimwa, wamenyamaza kimya lakini wapo. Nikachomoa earphone nitoe sauti kwenye spika niwasikie vizuri watu wangu, mara mlango unagongwa.

Nafungua, mama yuko nje na jumuiya ya kanisani. Mwenyekiti wa jumuiya, mama wa chumba cha pili, wazee wawili siwajui, rozari mkononi, maji ya baraka kwenye kichupa cha soda. Hata salamu hakuna, wameingia wameshaanza Baba Yetu. Mimi najaribu kusema jamani niko kazini, mama ananiambia kaa chini baba, yataisha.

Mwenyekiti akasogelea laptop, akainama, tochi ya simu mkononi. Pale kwenye kioo unajua tena, maboksi meusi tu yenye majina, na wanafunzi wangu wengine wameingia na jina la simu. Akaanza kusoma kwa sauti, taratibu. "Galaxy A12. iPhone. Mtoto wa Mchungaji. Tecno. Tecno. Tecno." Akanyanyuka akamgeukia mama.

"Wako wengi."

Wakaingia litania. Maria Mtakatifu, utuombee. Mzazi Mtakatifu wa Mungu, utuombee. Na mimi nimekaa katikati nimeinamisha kichwa, ungefanyaje na mama yako amesimama hapo. Ya tatu ikasomwa, na laptop ikajibu, vizuri kabisa, sauti nzito ya kijana, "utuombee."

Sijawahi kuona sebule inaisha watu kwa spidi ile. Wale wazee wawili nilidhani wana magoti mabovu. Mwenyekiti yeye hakukimbia, namheshimu kwa hilo, alikimimina kichupa chote kwenye kibodi ndo akaondoka.

Aliyebaki ni mama. Kafunga kanga kiunoni, kashika ncha ya meza.

"We nani?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unamtakia nini mwanangu?"

Kimya. Halafu kijana, kwa uoga kabisa, "mama mi nilikuwa naomba kuelewa kwa nini standadi devieshen ya sampuli tunagawa kwa n toa moja."

Mama akanigeukia. Nikamweleza hao ni wanafunzi, wako hostel, wanauliza swali: tukipima data zimetawanyika kiasi gani, n ndo idadi yake, kwa nini tunatoa mmoja kwanza ndo tunagawa. Akavuta kiti akakaa. Akafikiria. "Sasa huyo mmoja mnamtoa kakosa nini?"

Chati ikalipuka. HILO NDO SWALI MAMA. Watu walishafeli nalo hilo wakiona aibu kuliuliza.

Mama ana genge kule Tabora, kwahiyo nikamuuliza yeye wao wakisikiliza. Mama una mafungu matano ya nyanya, wastani wa bei ni 500, kwahiyo jumla 2500. Manne nakutajia: 400, 600, 500, 300. La tano shilingi ngapi? "Mia saba," hata sekunde haikupita. Linaweza kuwa bei nyingine? "Litakuwaje nyingine na wewe wastani umeshautaja?" Ndo huyo mmoja sasa. Ukishautumia wastani wa data hiyo hiyo, wa mwisho hana uhuru tena, walio huru ni wanne, unagawa kwa wanne. Nikaanza kusikia maiki zinafunguliwa moja moja, aaah, kumbe, aaaah. Dakika 40 zikakata, wakarudi wote.

Toka hapo sikuhamasisha tena mtu. Wanaingia kabla yangu, wanamsalimia mama, mama anauliza nani hajala, mmoja akijichanganya kusema bumu, hela ya mkopo, halijatoka anahojiwa mpaka tunasahau takwimu. Shida ilibaki kwenye kibodi, herufi N ilikufa siku ile ile. Tangazo lililofuata nililituma kutoka kwenye laptop bila kulisoma, likaenda "Waafuzi karibui leo, mama ataulizia aliyekosa", CR akajibu ticha pole, umeng'oa meno ya mbele?

Rekodi nilituma kama ilivyo, sikuwa na nyingine yenye watu. Mkuu wa idara alikaa nayo wikiendi nzima. Jumatatu akajibu: "Mahudhurio mazuri sana, hongera. Naomba namba ya yule mzee mwenye kichupa, kozi yangu hawaingii."