Maelewano ya nani?

Kuna sifa moja ya Nunavut inayonichosha masikio: eti kule kaskazini mwa Kanada hakuna vyama, hakuna vijembe, wabunge wanakaa duara na kuelewana. "Serikali ya maelewano." Jina tamu. Duara lipo, nakubali, na siwa ya bunge imetengenezwa kwa jino refu la nyangumi wa barafuni. Lakini fuateni safari ya Paul Okalik, waziri kiongozi wao wa kwanza, kisha mniambie mpiga kura aliulizwa nini.

Bunge la kwanza lilichaguliwa Februari 1999, wiki chache kabla Nunavut haijazaliwa rasmi tarehe 1 Aprili. Okalik, mzaliwa wa Pangnirtung, alikuwa ndiyo kwanza amepata uwakili, Muinuiti (watu wa asili wa kaskazini) wa kwanza wa Nunavut kufika hapo. Machi, wabunge 19 wakamfanya waziri kiongozi akiwa na miaka 34. Aliyembwaga ni Jack Anawak, mbunge wa zamani wa bunge la taifa kule Ottawa na kamishna wa mpito aliyeliandaa eneo hilo lianze kazi. Kura ilikuwa ya siri. Mwananchi hakuwa nayo.

Utaratibu ndio huohuo hadi leo, ila wabunge sasa ni 22. Wanachagua Spika kwanza, kisha waziri kiongozi, kisha mawaziri, wote kwa kura zao wenyewe. Waziri kiongozi anabaki kugawa wizara tu. Ni kocha aliyeletewa kikosi kilichopangwa na wengine, yeye kazi yake kugawa jezi. Waziri akiboronga, bosi wake anaweza kumnyang'anya wizara, lakini kumtoa kabisa kwenye baraza ni kazi ya bunge.

Na ilani je? Hapa ndipo damu inanichemka. Ilani huandikwa baada ya uchaguzi! Mgombea anaomba kura kijijini kwake kwa jina lake, ukoo wake na ahadi ya nyumba au uwanja wa ndege. Akishashinda, ndipo serikali inakaa na kuandika itafanya nini. Ile ya 1999 wakaiita kwa jina la Bathurst, mahali walipokutania. Mwananchi anaisoma kama anavyosoma tangazo la msiba, mambo yameshatokea. Baada ya miaka minne amuadhibu nani? Mbunge wake atasema, "Mimi nilipinga ndani ya kikao." Huenda ni kweli. Utajuaje?

Mwaka 2004 Okalik alirudishwa na wabunge. Mwaka 2008 wapiga kura wa Iqaluit magharibi, jimbo la mji mkuu, wakamrudisha bungeni, lakini wabunge wenzake wakampa Eva Aariak kiti cha waziri kiongozi. Huenda alistahili kuondoka, miaka tisa si haba. Ila kosa lake lilikuwa lipi hasa? Hakuna chama kilichoshindwa wala sera iliyokataliwa.

Haya, nitoe haki kidogo. Mawaziri ni wachache kuliko wabunge wa kawaida, kwa hiyo serikali daima inaishi kwa kuomba. Paul Quassa alichaguliwa Novemba 2017, na Juni 2018 wabunge wakamng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani. Hilo wenye vyama vikubwa hawaliwezi. Lakini hata hapo, waliomweka na waliomtoa ni walewale.

Okalik aliukalia uspika kidogo, akajiuzulu 2011 kugombea ubunge wa Ottawa kwa Liberal. Huko vyama vipo. Akapigwa na Leona Aglukkaq wa Conservative, ambaye zamani alikuwa waziri katika baraza lake yeye Okalik. Angalau safari hii kila mtu alijua amemkataa nani na kwa tiketi ipi.

Akarudi bunge la Nunavut 2013, akapewa uwaziri. Machi 2016 akaachia ngazi kwa sababu baraza liliamua kufungua duka la bia na mvinyo Iqaluit, ilhali Nunavut nzima haikuwa na kituo cha kulaza na kutibu waraibu wa pombe; wagonjwa walikuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda kusini. Wenye hamu ya duka walikuwa wengi mjini, na wangeweza kuwa na haki pia. Lakini katika miaka yote hiyo, hii ndiyo mara aliyotwambia waziwazi anasimama wapi, na ilimbidi atoke ndani ya maelewano ili aseme.

Duka lilifunguliwa Septemba 2017. Oktoba ukafanyika uchaguzi, na Okalik akapoteza kiti chake cha Iqaluit-Sinaa. Kituo cha tiba kilikuwa bado.