Panya Aliyetulia Si Panya Aliyepona

Kila ninaposoma kwamba kemikali ya mmea fulani imepunguza dalili zinazofanana na za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, kwa panya wa maabara, kwanza natafuta ni majaribio gani yalitumika kumpima huyo panya, maana hapo ndipo dawa hutengana na usingizi.

Panya hawezi kutueleza kwamba anasikia sauti. Watafiti humchoma sindano ya ketamini, dawa ya nusukaputi, naye huzunguka kizimbani bila kupumzika. Ikirudiwa kwa siku kadhaa, huweza kujitenga na wenzake. Kisha hupewa kemikali ya mmea ili ionekane kama atarudi katika hali yake ya kawaida. Lakini karibu kila kitu kinacholegeza mwili kitapunguza mizunguko hiyo. Reserpini, iliyotolewa mwaka 1952 kwenye mzizi wa India uitwao Rauwolfia serpentina, ilituliza wagonjwa wa akili kwa kumaliza akiba ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, na baadhi yao wakakakamaa mwili.

Ninachokiamini zaidi ni kipimo cha mshtuko. Mlio mkubwa humshtua panya, lakini ukitanguliwa na mlio hafifu, sehemu ndogo tu ya sekunde kabla, ubongo wenye afya hujiandaa na mshtuko hupungua. Kwa watu wengi wenye skizofrenia mshtuko haupungui kiasi hicho, na uzuri ni kwamba binadamu hupimwa karibu kwa namna ileile.

Nayasema haya kwa sababu ya binamu yangu wa Uyole, aliyekuwa akipakia lumbesa za viazi kabla hajaugua. Shangazi aliletewa chupa ya maji ya mizizi, meusi kama chai iliyolala, akaambiwa vidonge vya hospitali viachwe kabisa. Wiki haikuisha majirani wakaja kumpongeza: "Mtoto ametulia." Ni kweli alitulia. Alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, kikombe cha uji kikipoa mkononi, na ukimsalimu hakuitikia. Mwezi uliofuata tulimkuta akiziba nyufa za dirisha kwa karatasi, akisema wanamwita kutoka nje, ndipo tukamrudisha hospitali.

Siidharau mizizi. Tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na pale Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili. Ninachotaka ni kwamba mizizi ambayo wagonjwa wetu wa Mbeya na Rungwe wananyweshwa tayari ipimwe kwa panya kwanza: ipimwe kama inadhuru ini, ipimwe ikichanganywa na haloperidoli, dawa ya hospitali ya skizofrenia, na panya awekwe miguu ya mbele juu ya ufito ili zihesabiwe sekunde anazochukua kushuka, kwa sababu anayeganda pale amekakamaa tu. Zaidi ya yote, aangaliwe kama anawasogelea wenzake.

Binamu sasa anameza vidonge vyake kila jioni. Jumapili iliyopita alinisogezea kigoda, akaniuliza mwanangu ameanza darasa la ngapi.