Kiingereza Kigoma: dakika tano za Kiswahili, kisha kimya

Mtoto wa Kasulu huamka na Kiha, sokoni anatumia Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia na Hisabati kwa Kiingereza. Lugha hiyo anaisikia kwenye vipindi vya dakika 40 darasani, basi. Ndiyo maana walimu wanaotaka darasani kisemwe Kiingereza kitupu wana hoja nzito: asipokisikia hapo, atakisikia wapi?

Niliwahi kufundisha hivyo. Walionifuata ni wachache wa mbele. Wengine walizoea kuitikia "yes" kwa kila swali, hata lililotaka maelezo.

Mbinu ya kulinganisha lugha huitwa ya kizamani, lakini kuna makosa yanayoitaka hiyo hiyo. Mwanafunzi anaandika "My mother he is cooking." Si uzembe. Kwa Kiswahili mama anapika, baba naye anapika. Kile kiambishi "a-" hakijali jinsia, na cha Kiha vilevile. Yeye amekitafsiri kwa uaminifu kabisa: "he". Dakika tano za kumwonyesha hilo kwa Kiswahili zinamfaa kuliko wino mwekundu wa muhula mzima.

Ila akiishia hapo, atajaza nafasi zilizo wazi kwenye mtihani na kuinamisha kichwa mgeni akimuuliza njia. Baada ya maelezo lije igizo: mmoja mchuuzi wa migebuka mwaloni Kibirizi, mwenzake mteja, wanaulizana habari za mama, kaka na shangazi, "he" na "she" zikipishana kila sentensi. Hapo Kiswahili kikae kando. Wakikaa wawili wawili, hata darasa lililofurika linasema lote kwa wakati mmoja. Kelele zivumiliwe.

Wanaopinga mchanganyiko huu wanaogopa kwamba dakika tano zitageuka thelathini na tano. Wana haki, nimeliona hilo, hasa kwa mwalimu asiyejiamini kukizungumza Kiingereza mwenyewe. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umekileta Kiingereza hadi darasa la kwanza, kwa hiyo mafunzo ya kuzungumza kwa walimu ningeyatanguliza mbele ya vitabu vipya.

Kibao cha kumvisha shingoni mtoto aliyeteleza kwa Kiswahili sikikubali hata kidogo. Aliyevishwa jana, leo hanyooshi mkono.