Nimenunua Kinanda, Sijafungua Kanisa

Leo asubuhi, hata uso sijanawa, mama mmoja wa mtaa wa pili kanigongea geti. Kitenge kimenyooshwa, Biblia kwapani, chupa ya maji mkononi. Kanipa shikamoo, ingawa kwa kumtazama mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Nikaitikia kwa aibu. Kisha akauliza kwa unyenyekevu mkubwa: "Baba mchungaji, maombezi yanaanza saa ngapi?"

Mchungaji! Mimi, ambaye hata sadaka natoa baada ya kuchungulia jirani kaweka noti au sarafu!

Jamani, hapa Dodoma ukionekana umebeba boksi refu lenye picha ya kinanda, umekwisha. Hakuna atakayekuuliza kama unajua kupiga. Watakuuliza unafungulia wapi. Bodaboda aliyenileta Nkuhungu alitaka kujua kama mpiga ngoma tumeshampata. Mwenye nyumba akanitumia ujumbe kwamba mkataba wetu ni wa kuishi "na si wa mikusanyiko". Shemeji yangu kapiga simu kutoka Morogoro, salamu nusu, akaingia kwenye mada: "Shemeji, huduma itaitwaje?" Yaani mtu mzima anayelipa kodi na kukatwa makato yote hawezi kununua kitu akakaa nacho sebuleni, akakibonyeza jioni akitoka kazini, basi.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Kinanda cha kubebeka, vitufe 61, kinachokubali betri, maana umeme wetu mnaujua. Vile vya vitufe 88 vizito kama vya piano viacheni kwa wenye sebule. Yamaha P-45 peke yake ni kilo 11 na nusu kabla hujatafuta stendi. Ikiingia ndani kwangu, mmoja wetu atalala nje, na mke wangu ameshasema ni nani. Vile vidogo kabisa, Casio SA-46 ya vitufe 32 au Yamaha PSS-A50 ya 37, vitufe vyake vyembamba, na vidole vyangu vimelelewa na jembe: nagusa do, re naye anaitika. Vitufe 61 ni oktava tano kamili. Zinatosha tenzi zote na baadhi ya dhambi.

Basi nikaenda mjini, Barabara ya Sita, duka moja lenye spika mlangoni za kuwatoa watu akili.

"Karibu mheshimiwa!"

Mnajua tangu Serikali ihamie huku, kila mwenye shati lililopigwa pasi ni mheshimiwa mpaka ithibitike vinginevyo. Sikumkatalia. Nikanyoosha shingo, nikaingia kwa hatua za kamati, mikono nyuma. "Naomba kuona vinanda," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba mwongozo wa Spika.

Vilikuwa vitatu mezani. Yamaha PSR-E373. Casio CT-S200, nyembamba, ina mpini wake wa kubebea. Na cha tatu ambacho jina lake ukiwa mlangoni unasoma Yamaha, ukisogea herufi zinatubu.

Kijana wa dukani, nywele kachonga mistari, akairukia Yamaha na kubonyeza kitufe kimoja pembeni. Ndugu zangu, muziki ukatoka! Besi, ngoma, tarumbeta, juu yake piano inakimbia. Kijana kafumba macho, mabega yanapanda na kushuka, vidole vinateleza kutoka kushoto kwenda kulia, mara anatikisa kichwa kama kaguswa. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Dada muuza maembe akatua beseni lake. Mimi mwenyewe mwili ulisisimka, nikasema kumbe Dodoma tuna vipaji tunavifungia kwenye maduka.

Simu yake ikalia.

Akaitoa mfukoni kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaziba nao sikio. "Haloo? Nipo dukani, nina mteja." Na piano inaendelea! Inapanda ngazi, inashuka, inapamba, hakuna mtu! Dada wa maembe akacheka mpaka akashika ukuta. Mnadhani kijana aliona haya? Alimaliza kuongea, simu akairudisha mfukoni, akanigeukia mkavu: "Unaona mheshimiwa? Kinakusaidia."

Nikamwambia azime demo yake, nijaribu mwenyewe.

"Kwani unapiga?"

"Najifunza."

"Sawa, kiongozi."

Mmesikia? Nimeshashuka cheo. Nikameza. Nikaisogelea Casio, nikabonyeza kitufe kimoja taratibu, halafu kile kile nikakigonga kwa nguvu. Sauti ile ile. Nikarudia, polepole, kisha kwa hasira zote za mwezi huu. Ile ile. Nikamwambia, kijana, hiki hakina tachi.

"Kiongozi, hicho ni kinanda cha amani. Uje na upole, uje na hasira, chenyewe kinakujibu sawa."

Tachi nilielezwa na fundi mmoja wa redio pale Majengo, aliyenifungulia kinanda kibovu nikaona kwa macho. Chini ya kila kitufe kuna raba, na chini ya raba sehemu mbili za kugusa umeme, moja inawahi, moja inachelewa. Kinanda hakipimi nguvu zako. Kinapima muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Ukigonga haraka muda unakuwa mfupi, sauti inatoka kubwa. Ukienda taratibu inatoka ndogo. Ndiyo maana anayejifunza asiponunua chenye tachi anakuja kushika piano halisi na kuwastua wazee. PSR-E373 inayo tachi, mdogo wake PSR-E273 hana. CT-S200 haina, CT-S300 inayo, na kando imeongezewa gurudumu la kupindisha sauti. Ukiacha gurudumu hilo, kwa nje hizo Casio mbili ni pacha.

Nikamuuliza: CT-S300 unayo?

"Ni hii hii, tofauti namba tu."

Tofauti namba! Hata noti ya elfu moja na ya elfu kumi tofauti yake ni namba tu!

Akaona nimekunja uso, akahamia kwa yule wa tatu, mwenye herufi zinazotubu. "Hiki sasa kina sauti kila aina. Sikiliza." Akaanza kupandisha namba. Kwa wasiojua, kuna mpangilio wa sauti 128 unaoitwa GM, viwanda vilikubaliana mwaka 1991, namba moja ni piano, kisha zinafuata ogani, magita, ala za nyuzi, filimbi. Mpaka hapo ni watu wenye akili zao. Ukifika mwishoni sijui walikuwa wamechoka. Namba 126 ni helikopta. Kijana akaibonyeza, ikaunguruma duka zima. Namba 127 ni watu wanapiga makofi, hiyo kwa mji huu inaweza kupata soko. Namba 128, mlio wa risasi. Akaibonyeza kabla sijamzuia, na dada wa maembe akaruka na beseni. Hebu niambieni, mtu anayeanza kujifunza, risasi ataiweka kwenye wimbo gani?

Mlangoni, kwenye kigoda, alikuwapo mzee mmoja wa Chamwino akisubiri redio yake itengenezwe. Muda wote kimya, fimbo katikati ya magoti. Nilimwamkia nilipoingia, "Mbukwa baba," akaitika. Sasa akainua kichwa.

"Kijana, humo ilimba ipo?"

Ilimba ni ile ala ya Wagogo ya vijino vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hubandikwa utando wa buibui ili ivume.

"Mzee wangu, humu kila kitu kipo." Akatafuta, kweli akaipata, namba 109, imeandikwa kalimba. Akabonyeza: ting, ting, ting.

Mzee akasikiliza, kichwa kainamisha upande. "Rudia." Ting, ting. "Inaumwa?"

"Mzee, hiyo ni dijitali."

"Ule utando wa buibui mmeutoa wa nini? Ilimba lazima ivume. Hiyo haivumi, inadondoka." Akamgeukia muuza maembe, ambaye sasa alikuwa ameshahamia kabisa dukani. "Marehemu Hukwe alikuwa anapiga, vyombo vyote vinavuma mpaka kifuani kwako." Alimaanisha Hukwe Zawose, wa huku huku kwetu Ugogo, aliyezunguka Ulaya na ilimba na zeze mpaka alipofariki mwaka 2003, bila kuulizwa adapta yake ya volti ngapi. Kijana akajaribu kujitetea kwamba zeze pia ipo, akabonyeza namba nyingine, ikatoka filimbi. Mzee akarudisha kichwa kwenye fimbo. Shauri limekwisha.

Tukaja kwenye bei, na hapo ndipo nilipojua thamani ya vyeo vya Barabara ya Sita. Alipotaja laki nane na nusu nilikuwa bado kiongozi. Nilipotaja ya kwangu nikawa kaka. Nilipoongeza elfu kumi nikawa mzee, na mimi mvi sina. Nilipomuuliza kama adapta imo kwenye bei hiyo akanigeuzia mgongo, akamwambia mwenzake aliye stoo: "Huyu jamaa bado yupo."

Nilichukua Yamaha. Hela ilivyopatikana ni siri yangu na kikoba.

Adapta haikuwamo. Boksi limefungwa vizuri, kitabu cha maelekezo kimo, kibao cha kusimamishia kitabu cha nota kimo, kishimo cha adapta kwenye boksi kitupu kabisa, cheupe. Kijana akafungua droo, akatoa adapta ya king'amuzi cha watu. "Chukua hii, inaingia."

Inaingia! Nchi hii mambo mengi yanaharibiwa na neno hilo. Yamaha inataka volti 12, chanya iwe katikati ya kidomo. Casio CT-S200 inataka tisa na nusu. Casio za zamani, zile zenye adapta ya AD-5, zilitaka volti tisa, tena hasi ndiyo iwe katikati, kinyume kabisa. Na vidomo vyenyewe ukivitazama havina tofauti, vyote vyeusi, vyote vinaingia, moshi ndio unaokuja kutofautisha. Pembeni ya kishimo pameandikwa kila kitu na kamchoro ka chanya na hasi, lakini nani asome, wakati "inaingia"? Nilikataa. Nikalipia adapta sahihi kivyake, na kijana akanitazama kwa huruma, kama amemwona mtu anayechagua maji ya kuoga.

Spika za masikioni ndiyo kesi nyingine. Mke wangu alikubali kinanda kwa sharti moja: usiku nivae. Nikafika nyumbani na zile za simu yangu, tundu la Yamaha ni lile kubwa la milimita 6.35, kidomo changu ni cha 3.5, kinaelea humo ndani. Casio CT-S200 ina tundu dogo la simu, ni kilo tatu na kidogo, ina mpini, inataka betri ndogo sita. Yamaha yangu nayo betri sita, kilo nne na nusu na ushee, mpini haina, nimeikumbatia mtaa mzima tangu kituo cha bodaboda, na ndipo wote waliponiona. Kama siyo tachi ningesema Casio ndiyo imetengenezwa na mtu aliyewahi kupanga chumba.

Na betri! Zile za dukani kwa Mangi, za bei chee, zinakubeba beti la kwanza na kiitikio. Beti la pili kinanda kinazima chenyewe katikati ya mstari, mara mwenzangu wa chumba cha pili anaita, "Mchungaji, amina?"

Mpwa wangu anayepiga kwaya kaja kunifundisha. Nilitegemea vidole, mkao, nota. Kanifundisha transpozi, kitufe cha kupandisha na kushusha sauti ya kinanda chote. "Anko, wewe piga weupe tu, weusi waache. Wakiimba juu, bonyeza hapa, panda. Wakishuka, bonyeza hapa, shuka." Nikamuuliza vitufe vyeusi viliwekwa vya nini. Akasema ni vya wakatoliki.

Sasa kwa sauti zote 622 zilizomo, natumia piano, ogani, na ile ya nyuzi nikiwa na mawazo. Nyingine zimelala. Kilichobaki ni vumbi. Mnajua upepo wa huku kuanzia mwezi wa saba, unafunga dirisha, unaweka taulo chini ya mlango, jioni unaandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Fundi wa Majengo alisema vumbi likiingia kwenye zile raba vitufe vinaanza kunyamaza kimoja kimoja. Basi nakifunika kitenge. Mke wangu akaja kukitafuta kitenge chake, akakikuta juu ya kinanda, akasema sasa ni wazi nani mke mkubwa. Nikatafuta mfuko wa kufunikia kinanda, nikatajiwa bei ambayo kwayo napata mbuzi mdogo Msalato siku ya mnada. Na mbuzi mwenyewe siku hizi...

Ngojeni, bomba linakohoa. Wiki nzima kavu, na leo likianza linaanza na hewa, na mita inazunguka kwa hewa hiyo hiyo, mwisho wa mwezi tunailipia kwa yuniti! Mama Neema, leta madumu yote! Na lile beseni ulilolowekea maharage, yahamishe maharage! Nani kachukua ndoo ya bluu? Nauliza tena, nani kachukua ndoo ya bluu?