Upanga wa Luke na swali alilolikwepa Maz Kanata

Katika The Force Awakens, filamu ya Star Wars ya Desemba 2015, Han Solo anamuuliza Maz Kanata, yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa aliyepewa sauti na Lupita Nyong'o: upanga huu wa mwanga umeupata wapi? Ana haki ya kuuliza. Upanga ule ulidondoka shimoni pamoja na kiganja cha Luke Skywalker, shujaa wa filamu za mwanzo, huko Bespin, kwenye filamu ya 1980. Maz anajibu kwamba swali ni zuri, ila ni la siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Zikaja filamu mbili zaidi, 2017 na 2019, masimulizi yakafungwa, na katika zote tatu hakuna anayetuambia nani aliuokota.

Anayetaka kuielewa hasira ya mashabiki dhidi ya filamu hizo tatu, hasa kwa jinsi zilivyomchora Luke aliyezeeka, aanzie hapo kabla hajafika kwa Luke mwenyewe, maana kidonda ni kimoja.

Hasira hiyo huelezwa kwa namna mbili, zote za mkato. Ya kwanza ni kwamba mashabiki wana ubaguzi. Hii haiwezi kupuuzwa. Kelly Marie Tran, aliyeigiza kama Rose katika The Last Jedi, filamu ya 2017, alitukanwa kwa asili yake hadi Juni 2018 akafuta picha zake zote Instagram. Hakuna kasoro ya filamu inayohalalisha unyama wa aina hiyo. Mwaka huohuo mtafiti Morten Bay alichambua jumbe za Twitter alizoelekezewa mwongozaji wake, Rian Johnson, kuhusu filamu hiyo. Takriban moja kati ya tano zilikuwa za kuiponda, na kati ya hizo zaidi kidogo ya nusu zilitoka kwa wachokozi, wenye ajenda za kisiasa au akaunti zisizo za binadamu. Matokeo hayo hunukuliwa sana kama ushahidi dhidi ya mashabiki. Ile karibu nusu iliyobaki, ya watu wa kweli walioudhiwa na filamu yenyewe, hutajwa kwa nadra.

Maelezo ya pili ni kwamba wanataka shujaa wa utotoni asizeeke wala asianguke. Wazoefu wa vibanda umiza wanaijua kanuni hiyo: steringi hafi. Lakini Star Wars haijawahi kuifuata. Obi-Wan, mwalimu wa Luke, alikatwa na Darth Vader mwaka 1977, mbele ya macho ya Luke, na watu wakaipenda filamu. Cassian Andor alishakufa katika Rogue One mwaka 2016, na bado tamthilia ya maisha yake, vipindi 24 kati ya 2022 na 2025, imesifiwa na mashabiki haohao wanaoitwa watoto.

Tatizo la Luke ni la ufundi wa hadithi. Mwaka 1983, katika Return of the Jedi, anamshinda baba yake, ambaye ndiye Vader, anausimamisha mkono wake, kisha anautupa upanga mbele ya Palpatine, mtawala mwovu. Filamu nzima ilijengwa ili tuamini tendo hilo. Mwaka 2017 tunaelezwa kwamba mtu huyohuyo aliwasha upanga juu ya mpwa wake Ben Solo akiwa usingizini. Inawezekana. Binadamu hubadilika katika miaka 30. Ila tunaonyeshwa nini cha mabadiliko hayo? Usiku mmoja tu, mara tatu: kwanza simulizi ya Luke inayoficha, kisha ya Ben, halafu maungamo ya Luke kwamba wazo la kuua lilipita kama kivuli na kumwachia aibu. Hatuoni shule aliyoijenga, wala mazungumzo yake na dada yake Leia, mama wa kijana huyo, wala sababu ya aliyekataa kumkatia tamaa Vader kumkatia tamaa mtoto wa dada yake. Tumepewa anguko, na njia ya kulifikia imeachwa nje ya filamu.

Upande wa Johnson una jibu, na ni zuri kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Si yeye aliyempeleka Luke kisiwani kujificha. Michael Arndt, mwandishi wa kwanza wa skripti ya 2015, alieleza kwamba kila Luke alipoingia, aliiteka hadithi nzima. Mwongozaji wa filamu hiyo, J.J. Abrams, na Lawrence Kasdan, waliopokea kazi hiyo, walimsogeza hadi dakika ya mwisho, bila neno hata moja. Kwa hiyo Johnson alirithi mtu anayejificha huku dada yake akipigana. Ama ni mwoga, ama anaamini kurudi kwake kutaleta madhara zaidi. Alichagua la pili, na kwenye sayari ya Crait akamfanya Luke alikabili jeshi zima bila kumjeruhi mtu, tendo linalofanana kabisa na lile la 1983. Hata Mark Hamill, aliyekiri kwamba alipingana na mwongozaji kuhusu mhusika huyu, baadaye alijutia kuyatoa hadharani.

Lakini utetezi huo huo ndio unaowapa mashabiki haki. Upigaji picha mkuu wa The Last Jedi ulianza Februari 2016, miezi miwili tu baada ya filamu iliyotangulia kuingia kumbi za sinema. Filamu moja iliuliza swali bila kuwa na jibu, nyingine ikajibu kwa mantiki yake, ya tatu ikalifuta jibu. Wazazi wa Rey, shujaa mpya wa filamu hizi, ni fumbo mwaka 2015. Mwaka 2017 ni watu wasio na jina waliomuuza. Mwaka 2019 Rey anageuka mjukuu wa Palpatine. Disney, iliyolipa takriban dola bilioni 4 mwaka 2012 kuinunua Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, haikuwa na muhtasari mmoja wa filamu tatu ambao waongozaji wote walifungwa nao.

Kuhusu namba, kuna moja inayotumiwa vibaya. The Last Jedi iliporomoka kwa asilimia 67.5 wikiendi ya pili Marekani na Kanada, wakati ile ya 2015 ilishuka chini ya asilimia 40. Ukiishia hapo unapotosha: mwaka 2017 mkesha wa Krismasi uliangukia Jumapili, siku ambayo kumbi hupwaya, na mwaka 2015 Krismasi yenyewe ilikuwa Ijumaa. Kipimo cha haki zaidi ni kugawa mapato yote kwa mapato ya wikiendi ya kwanza, maana hicho huonyesha wangapi walirudi au waliwatuma wenzao. The Force Awakens: dola milioni 936 kwa 248, yaani mara 3.8. Rogue One: 532 kwa 155, mara 3.4. The Last Jedi: 620 kwa 220, mara 2.8. Walioulizwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa A, alama ileile ya 2015. Waliipenda usiku ule, kisha wengi wakaona mara moja inatosha. Kwa mfululizo ulioishi miaka 40 kwa watu kurudia, hiyo ni habari mbaya kuliko matusi yote ya mtandaoni.

Filamu ya tatu ndiyo inayoivunja hoja ya mashabiki kutaka kubembelezwa. Colin Trevorrow, aliyepangwa kuiongoza, aliondoka Septemba 2017, Abrams akarudishwa, na The Rise of Skywalker ikajaribu kuwapa kila walichodhaniwa kukililia. Palpatine anafufuka, na ujumbe wake wa kurejea ulisikika katika mchezo wa Fortnite, si ndani ya filamu. Mzimu wa Luke unaudaka upanga anaoutupa Rey na kusema silaha ya mpiganaji wa Jedi inastahili heshima zaidi, kana kwamba filamu moja inaiombea radhi nyingine. Mashabiki hawakununua. CinemaScore ikashuka hadi B+, na mapato ya dunia yakawa dola bilioni 1.07, karibu nusu ya yale ya 2015.

Mwishoni Rey anauzika upanga ule, pamoja na wa Leia, mchangani kwenye sayari ya Tatooine. Swali la Han likafukiwa nao.