Kishikwambi Kimelala Ubavu

Tangu jana usiku shingo yangu haigeuki kulia, na msisingizie mto. Ni kishikwambi.

Vile vya bei chee mnavijua: RAM GB 2, hifadhi GB 32, mfumo wenyewe wa Windows ukishajinyoosha humo unakuachia nafasi ya picha za sherehe moja. Changu kila asubuhi kilikuwa kinaomba kusasishwa. Kinataka GB 10, zimebaki 3. Tukawa tunaangaliana tu, kama mpangaji na mwenye nyumba tarehe 5. Nikasema, mimi ni mtu mzima na vyeti vyangu, naufuta, naweka mfumo mwingine, Linux. Ni bure! Hilo neno bure limenimaliza.

Tundu ni moja, na hilohilo ndilo la chaji. Flashi yenye Linux inataka kuingia, kibodi inataka kuingia, chaja imesimama mlangoni inanuna. Kijana wa Kariakoo aliyeniuzia kebo ya OTG ya kuchomekea flashi na hab ya kugawa tundu akaniuliza kwa upole, "Bosi, kwani huwezi kununua kingine?"

Kumbe prosesa ni ya biti 64 ila UEFI, programu ndogo inayoiamsha, ni ya biti 32. Ghorofa zima, mlango wa banda la kuku! Bila faili la kuamshia la biti 32, liitwalo bootia32.efi, hiyo flashi utaichomeka mpaka Pasaka. Kulijua hilo kumenila bando la wiki. Debian, aina mojawapo ya Linux, wanalo tayari, lakini mimi nilianza na aina nyingine, nikiambiwa ndiyo ya wanaoanza.

Mwishowe kikawaka. Kimelala ubavu.

Ukikishika wima maandishi yanalala, ukikilaza kibodi inachomoka. Nikainamisha kichwa begani nikaendelea na kazi kwa heshima zangu. Ndipo baba mkwe akaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepatwa na nini, kiharusi?"

"Hapana baba, naweka Linux."

Akavuta kiti, naye akainamisha kichwa. Mama watoto alipoleta chai alitukuta tumepinda wote wawili kama minazi ya pwani.

"Hiyo kaitengeneza nani?"

"Mfini mmoja, baba, Linus Torvalds, mwaka 1991. Alisema mwenyewe anafanya kama hobi tu."

"Hobi ya mtu ndiyo unailetea mkewe... mkeo na watoto?" Mzee alianza kuchanganyikiwa. "Haya, nionyeshe picha za send-off ya shemeji yako."

Chai ikanipalia.

Akabonyeza mwenyewe. Anagusa juu, kinafunguka cha pembeni. Anagusa pembeni, kinafunguka cha chini. Nikamwambia baba subiri, kuna amri ya kunyoosha mguso, namba tisa tu: 0 1 0 -1 0 1 0 0 1. Ni matriksi, ileile niliyoikimbia kidato cha nne, imenifuata mpaka sebuleni. Nikaiandika mara tatu, ya nne mguso ukatii. Mzee akafurahi, akagusa folda ya Picha. Ikafunguka palepale alipogusa, safi kabisa.

Tupu.

"Ziko wapi?"

Jamani, wakati wa kuweka kiliniuliza kama nifute kila kitu. Kiliniuliza kwa adabu! Nami nikabonyeza ndiyo, kichwa kikiwa begani, nikidhani naulizwa lugha.

Mzee hakumaliza chai. Mama watoto hajasema neno tangu jana, anaosha vyombo kwa kuvigonganisha. Waifai haisomi, sauti haitoki, hizo ni draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, lakini ukimya wa humu ndani haujaletwa na draiva.

Halafu hizo picha zenyewe mimi sionekani hata moja! Nilichanga 150,000, nikasumbuliwa kwenye grupu kama mdaiwa sugu, siku yenyewe nikapewa meza ya nyuma kabisa chini ya spika. Pilau limefika kwetu bila nyama. Nikamuuliza wa kamati, akaniambia nyama imepita mbele. Imepita na nani?