Bamvua Lisilofika Rimini

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi habari za maji. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu tulipokuwa tukivuka Daraja la Tiberius mjini Rimini, daraja la mawe lililokamilika mwaka 21 BK na ambalo watu wangali wanalipita kwa miguu, baada ya kuniambia kwamba bahari ya Italia si kama ya kwetu.

Ufuko wa Rimini, wenye urefu wa kilomita zipatazo 15, umegawanywa katika sehemu zenye namba, na kila sehemu ina safu za miavuli inayofanana kama sare za shule. Mpwa wangu alinilipia mwavuli na kiti (kwetu kivuli cha mnazi ni bure), kisha akaenda kazini. Nilipotazama bahari, niliona watu wamekwenda mbali sana, nayo maji yakiwafika magotini tu. Nikajua kwamba maji yamekupwa. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yaani ya maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na kwetu maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Maskini watu hawa walikuwa wametandika taulo zao mahali ambapo alasiri ngalawa ingepita!

Nikahamishia kiti changu safu nne nyuma, chini ya mwavuli wa watu. Roho ikanisuta kwa ajili ya bibi mmoja aliyesinzia mbele, nami Kiitaliano changu chote kilikuwa neno moja, la maji. Nikamwamsha, nikamwonyesha bahari, nikapandisha mkono toka magotini hadi kidevuni huku nikisema, "Acqua! Acqua!" Bibi akaelewa kwamba kuna mtu anayezama, akapiga yowe. Mwokoaji akapuliza filimbi, akajitosa baharini, akakimbia, akaendelea kukimbia, na maji hayakumvuka mapaja.

Mpwa wangu alipoitwa, aliomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. "Mjomba," akaninong'oneza, "hapa maji yakijaa hayapandi hata mita moja."

Sikukubali. Nilichomeka kijiti ukingoni mwa maji, nikakilinda hadi saa kumi na mbili jioni. Yule bibi alisogeza kiti chake hadi penye kijiti changu, akatumbukiza vidole vya miguu majini, akanigeukia, akapandisha mkono polepole hadi kidevuni.